Neno Nililofichwa Juu ya Figo za Mwanangu

Nilipoambiwa ukweli kuhusu mtoto wangu wa kwanza, alikuwa amekwisha kuzikwa zaidi ya mwaka. Aliyeniambia hata hakujua kwamba ananipa habari mpya. Alikuwa daktari wa Homa Bay, mikono yake yote miwili ikiwa juu ya tumbo langu la mimba ya pili, akauliza kama mtu anayeulizia hali ya nyumbani:

"Mume wako alikueleza vizuri yale tuliyoyaona kwenye figo za yule wa kwanza?"

Mpaka asubuhi hiyo sikujua kwamba figo za mwanangu zilikuwa na neno lolote, wala kwamba kuna mtu aliyewahi kuziona.

Nasimulia haya kwa ajili ya mwanamke ambaye sasa hivi ameketi kwenye benchi la kliniki, ameambiwa kwamba figo za mtoto aliye tumboni zimevimba, na hajui aende nyumbani akaseme nini. Siku hizi kuna mashine zinazomwona mtoto kabla hajazaliwa. Sisi tulikuwa na mikono ya daktari na picha ya eksirei yenye ukungu. Lakini mambo ya nyumbani, ya mume na ya mama mkwe, sidhani kama yamebadilika sana.

Mimi ni mzaliwa wa Rangwe. Niliolewa Uriri, na kwa kuwa sisi Wajaluo humwita mke kwa jina la kwao, pale nilijulikana kama nyar Rangwe, yaani binti wa Rangwe. Mume wangu Zablon alikuwa ameajiriwa na serikali katika bonde la Lambwe, kwenye kazi ya kufyeka vichaka ili mbung'o wapungue na watu wapate kulima. Alikuja nyumbani mwisho wa mwezi, mikono imechanwachanwa na miiba, na kila alipokuja nilimtolea ile miiba iliyobaki ndani ya ngozi huku akinichekesha kwa visa vya huko. Tulipendana. Nasema hivyo mapema kwa sababu bila hilo, yaliyofuata yasingeniuma hivi.

Mimba ya kwanza niliibeba mwaka uliofuata Uhuru. Mwanzoni tumbo lilikua kama la wenzangu, kisha katikati ya safari likasimama. Wanawake niliochukua mimba nao walizidi kunenepa. Mimi nilibaki na tumbo dogo, gumu, lenye pembe. Mtoto alipogeuza goti nililiona chini ya ngozi yangu kama kitu kilichofunikwa kwa nguo nyembamba. Nilipolala ubavu nilihisi ananisugua, mfupa kwa nyama. Sikujua kwamba mtoto anapaswa kuelea. Hakuna aliyewahi kuniambia.

Uchungu ulinishika wakati wa kiangazi, jirani akanipeleka kwa pikapu hadi hospitali ya misheni upande wa Migori. Nakumbuka kichwa kilitoka, kisha mtoto hakuendelea. Nakumbuka sista mmoja akipanda kitandani kwa magoti. Nakumbuka daktari, mama mmoja Mhindi mwenye miwani, akisema "Bado, usisukume, bado." Baada ya hapo nilipata homa kali, na siku zile zimenipotea kabisa.

Nilipopata fahamu, Zablon alikuwa ameketi kando ya kitanda na viatu vyake vilikuwa na udongo mwekundu wa Uriri.

"Mtoto?" nikauliza.

"Ni mvulana. Nimempeleka nyumbani. Tumemzika."

"Alikuwa na nini?"

Akainamia mikono yake. "Mungu anajua. Hata daktari hajui."

Hayo ndiyo maneno aliyoniambia, hakuongeza wala kupunguza. Nilimwamini kwa sababu alikuwa analia.

Nilipotoka wodini nikakuta nyumbani jibu limekwisha kupatikana. Katika masika yaliyopita, mvua ilikuja mapema, na Zablon aliniambia nipande maharagwe yangu, unyevu ule usipotee. "Panda tu, mama atanielewa," alisema, kisha akarudi Lambwe. Kwa desturi ya pale mbegu ya mama wa boma hutangulia kuingia ardhini. Mimi nilipanda kabla ya mama mkwe wangu. Kuvunja mwiko wa namna hiyo huleta chira, laana inayokausha mtu na uzao wake, na sasa kila mtu alikuwa na ushahidi: tumbo lililokataa kukua, na mtoto ambaye, kwa habari za jirani aliyenipeleka hospitali, alitoka amevimba tumbo.

Mama Zablon hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kanisa, mwenye sauti nzuri, na alinipenda kwa namna yake. Lakini alikuwa amezika mjukuu wake wa kwanza wa kiume kwa mikono yake, na alihitaji kujua kwa nini.

Wakamleta mzee mmoja na manyasi, dawa ya mizizi ya kuosha chira. Waliniketisha mlangoni mwa nyumba ya mama mkwe mchana kweupe, majirani wakitazama kutoka kwenye ua. Nikanywa. Kisha yule mzee akaninyunyizia kifuani kwa majani, na maziwa yangu, ambayo hayakuwa yameambiwa kwamba mtoto amekufa, yakachuruzika pamoja na ile dawa mpaka kwenye mapaja. Zablon alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwangu. Hakusema lolote. Siku ile nilidhani ni huzuni.

Msimu uliofuata nilingoja boma zima lipande ndipo nikaruhusiwa kugusa jembe. Mke wa shemeji yangu mdogo alipojifungua salama, nilizuiwa kuingia kwake mpaka mtoto apate nguvu. Kanisani mwanamke mmoja alihamisha mtoto wake kutoka paja lililo upande wangu kwenda paja la pili. Mambo madogo. Lakini nilikuwa naamka nayo na kulala nayo, na nilianza kuamini. Nilipotazama mikono yangu niliona mikono iliyomuua mtoto kwa sababu ya maharagwe.

Basi nilipopata mimba ya pili mama yangu mzazi alikuja kunichukua. Alimwambia mama mkwe kwa heshima zote kwamba angependa binti yake apumzike kidogo kwao, na kutoka Rangwe akaanza kunipeleka kliniki ya Homa Bay. Tulitangulia kufika hata kabla ya sakafu kukauka dawa ya kufutia. Benchi lilikuwa refu, la mbao, na lilishikana na ukuta uliochakaa pale vichwa vya wajawazito vilipoegemea. Upepo wa ziwa uliingia na harufu ya samaki waliokuwa wakianikwa. Tuliketi tukisogea, tukisogea, mpaka mlango.

Na ndani ya mlango, siku ile, nikamkuta yule daktari mwenye miwani. Alikuwa amehamia Homa Bay. Alinitambua kabla sijamtambua.

Alipoona sijibu swali lake, aliondoa mikono tumboni mwangu.

"Hakukueleza," alisema.

"Alisema hamkujua."

Akavuta kiti. Alizungumza Kiswahili cha polepole, akitafuta maneno. "Tulijua. Mtoto yule, njia yake ya mkojo ilikuwa na utando, kama ngozi nyembamba sana. Mkojo hautoki. Kibofu kinajaa, mkojo unarudi juu, figo zinavimba, zinavimba mpaka zinaharibika. Yote hayo akiwa bado tumboni. Na yale maji anayoelea mtoto, mengi yake ni mkojo wake mwenyewe. Kwa hiyo maji yakawa hayapo."

"Mlijuaje ya ndani?"

"Tulimfungua, baada ya kufa. Mume wako aliruhusu. Nilimwomba, akakubali, kwa sababu nilimwambia itasaidia mtoto mwingine akija."

Vyombo vilikuwa vinachemka kwenye jiko la pembeni.

"Nilimwambia akueleze ukipata nafuu," akaendelea. "Nilimwambia wewe hukufanya kosa. Nililirudia hilo, kwa sababu najua wanawake wanavyosumbuliwa."

Najua ilinipasa kushukuru. Lakini sikuweza. "Nilikaa katika wodi yako mpaka nikaweza kutembea," nilimwambia. "Ulipita kitandani kwangu kila asubuhi. Mimi ndiye niliyembeba. Kwa nini ulimwambia yeye tu?"

Alivua miwani, akaifuta kwa koti, akaivaa tena. "Tulizoea hivyo," akasema. "Tunamwambia mume." Kisha: "Haikuwa sawa."

Nilitoka nikaketi tena kwenye benchi ingawa zamu yangu ilikuwa imepita. Mama yangu alidhani mtoto amekufa tena. Nilitaka kumwambia nikashindwa kupanga maneno. Sista mmoja akanishikisha kikombe cha uji wa moto bila kuuliza chochote, na kwa muda mrefu nilikishikilia tu kwa ajili ya joto lake.

Zablon alikuja Rangwe mwisho wa mwezi kama kawaida. Mkwe hawezi kuinua sauti kwa wakwe zake, wala mimi sikutaka baba asikie, kwa hiyo nikamwambia anisindikize kuelekea sokoni. Tulipofika mahali pasipo na nyumba nikasimama.

"Daktari wa Migori sasa yuko Homa Bay," nikasema. "Ameniambia."

Hakujifanya kutoelewa. Aliketi kwenye jiwe la mpaka wa shamba.

"Ningemwambia nini mama?" alisema. "Kwamba nimeruhusu mjukuu wake apasuliwe? Kwamba alimzika amekatwa? Unamjua mama. Asingenitazama tena."

"Kwa hiyo ukaona afadhali asinitazame mimi."

"Sikujua watasema chira. Walipoanza, nilikuwa nimekwisha kunyamaza. Nikashindwa kurudi nyuma."

"Ulikuwa umesimama pale, Zablon. Nilipokunywa. Maziwa yakinitoka. Ulikuwa unajua, na ulikuwa umesimama pale."

Alilia tena. Safari hii machozi yake hayakunigusa. Nilikuwa nimewahi kuyaona yakifanya kazi.

Akaahidi. Mtoto akizaliwa, aliniambia, atasimama mbele ya boma zima na kusema kila kitu. Aliniomba ningoje mpaka hapo ili mama yake asifadhaike tukiwa bado na mashaka. Nilikubali, kwa kuwa sikuwa na nguvu ya vita viwili.

Kutoka hapo nahesabu wakati kwa safari za Homa Bay. Daktari alinitaka nije mara nyingi kuliko wajawazito wengine. Alinipima tumbo kwa utepe wa fundi cherehani, akaminya taratibu, akafumba macho kama mtu anayesikiliza. Aliniambia kwamba kwa kawaida jambo hili halirudii katika nyumba moja, lakini limewahi kurudia. Tumbo langu lilikua. Nilipata michirizi, miguu ikavimba jioni, kitovu kikatokeza, na kila dalili ambayo wengine waliilalamikia mimi niliipokea kwa furaha. "Maji yapo," daktari alisema kila mara. "Maana yake anakojoa, hata kama ni kidogo."

Karibu na kujifungua alinipiga picha ya eksirei. Aliiinua kwenye dirisha, akanionyesha mtoto wangu: uti wa mgongo kama mkufu, kichwa chini. Kisha akanionyesha mbavu zilivyotanuka, na miguu ilivyokaa mbalimbali, kama ya mtu aliyepakata kitu kikubwa. "Tumbo lake limejaa," alisema. "Nadhani ni jambo lile lile, lakini si baya kama la kwanza. Utajifungulia hapa, mbele yangu. Usiende Uriri."

Safari hii aliniambia mimi, uso kwa uso. Nililia njia nzima mpaka Rangwe, lakini ilikuwa afadhali kulia nikijua ninalolilia.

Okoth alizaliwa katikati ya mvua za masika, ndiyo maana ya jina lake. Alilia mara moja. Tumbo lake lilikuwa limekaza na kung'aa, mishipa ya kijani ikionekana, na miguu yake ilikuwa myembamba chini ya tumbo hilo. Mkojo ulitoka kwa matone, tone, kisha tone, huku akijikunja kwa maumivu. Daktari aliingiza mpira mwembamba sana, ukaziba. Kesho yake akamtoboa chini ya kitovu, akapitisha mpira mwingine moja kwa moja mpaka kwenye kibofu, na mkojo ukamiminika chupani wenye rangi ya chai ya rangi. Niliona kwa macho yangu tumbo la mwanangu likishuka. Alifumbua viganja vyake, akalala.

Tulikaa wodini mvua zote zile. Homa ilimpanda, ikashuka, ikampanda tena. Niliwekwa kitanda cha jirani na mama mmoja Mkuria kutoka upande wa mpaka wa Tanzania, Mama Robi, ambaye mtoto wake alikuwa ameungua na uji. Hakujua Kijaluo, nami sikujua Kikuria, tukazungumza Kiswahili kibovu cha sokoni, kila mmoja akivunja lugha kwa njia yake. Ndiye aliyenifundisha kuzungushia ule mpira kitambaa ili mtoto asiuvute. Alipofua vitambaa vya mwanawe alifua na vya Okoth bila kuniambia. Siku moja nilimsimulia habari ya maharagwe. Alinitazama, akaangalia mpira, akaangalia chupa.

"Sasa maharagwe iliingia wapi hapo?" akauliza.

Nilicheka mpaka sista akatukemea. Sikuwa nimecheka tangu siku ile niliposhikishwa kikombe cha uji kwenye benchi la kliniki.

Mvua zilipopungua daktari alisema Okoth ana nguvu ya kufanyiwa upasuaji, na kwamba kuna daktari mpasuaji Kisumu aliyeweza kuuondoa ule utando. Tulipanda meli Homa Bay, mimi, mama yangu, mtoto na chupa yake. Abiria mmoja mwenye vikapu vya samaki alituachia mahali pake pasipo na mtikisiko mkubwa. Zablon alikuja Kisumu na kuketi pamoja nasi nje ya chumba cha upasuaji. Alipojaribu kunishika mkono niliuacha mkono wangu pale kama kitu kilichosahauliwa na mtu mwingine.

Mpasuaji alitoka, akatuambia utando umeondolewa, kwamba figo moja imechoka sana na huenda isirudi, lakini nyingine itambeba. Siku waliyoutoa mpira nilingoja na kitambaa mkononi. Sista alinyunyiza maji ya baridi kidogo juu ya tumbo lake. Okoth akashtuka, akakojoa juu, mbali, mpaka kwenye aproni nyeupe ya yule sista. Mama yangu alipiga kigelegele wodini.

Nilidhani sasa Zablon atatimiza.

Tulirudi Uriri wakati wa mavuno ya mtama. Boma lilikuwa limefagiwa, kuku wamechinjwa, na wale wale waliosimama kwenye ua siku ya manyasi walikuwepo, wamevaa nguo za kanisani. Mama Zablon alimpokea Okoth, akamnyanyua, akaomba sala ndefu. Kisha akawageukia watu.

"Mnaona?" alisema. "Tulimwosha mama yake, na Mungu akakubali. Kama tusingemwosha, hata huyu angekwenda."

Watu wakaitikia. Mtu mmoja akamsifu yule mzee wa mizizi. Nilimtazama Zablon. Nilimpa muda. Alikuwa ameshika bakuli la nyama, akawa anamgawia mjomba wake, akamwambia aongeze mchuzi.

Pale ndipo niliposalitiwa hasa. Mara ya kwanza alikuwa amefiwa na ameogopa. Mara hii mtoto alikuwa hai, na kovu lake liko tumboni, na bado aliniacha.

Nilisimama. Sauti yangu ilikuwa ndogo kuliko nilivyotaka.

"Mama," nikasema, "mtoto wa kwanza alikuwa na figo zilizovimba. Mkojo wake ulizibwa tangu tumboni, kama huyu. Daktari alimfungua akaona. Zablon aliruhusu. Amejua tangu siku mlipomzika."

Mama Zablon alimtazama mwanawe, na mwanawe akatazama bakuli. Mama mkwe akamrudisha Okoth mikononi mwangu taratibu sana, akaingia ndani na kufunga mlango. Wageni walianza kuchukua viti vyao. Shemeji yangu mkubwa aliniambia kwamba nimemvua mume wangu nguo mbele ya watu. Nilimjibu kwamba mimi nilivuliwa kwanza. Kabla jioni haijaingia nikarudi Rangwe na mtoto wangu.

Kwa mama unayesoma haya, nikueleze yaliyobaki ili usikae na wasiwasi. Okoth ni mtu mzima sasa, ana watoto, na figo yake moja inafanya kazi ya mbili. Utotoni alipata homa nyingi, alilowesha kitanda mpaka akiwa mkubwa, na nilijifunza kunusa mkojo wake asubuhi kabla ya kuweka chai. Bado huenda kupimwa. Kama una mtoto wa kiume, mtazame anavyokojoa. Ukiona matone badala ya mkondo, usingoje. Na mweleze daktari waziwazi kwamba unataka kuambiwa wewe. Ukiambiwa, waambie watu wa nyumbani kabla hawajatafuta jibu lao. Mimi na Zablon tuliishi pamoja tena, tukapata wasichana wawili wenye afya, lakini sikumtolea tena miiba kama zamani. Aliitoa mwenyewe.

Lakini kabla ya kurudi kwake, kuna siku moja.

Ilikuwa mwanzo wa vuli. Nilikuwa nyuma ya nyumba ya baba nikianika vitambaa vya Okoth, mtoto wa jirani akaja kuniambia kwamba kuna wageni barabarani wanaokataa kuingia. Nikaenda. Nje ya ua alikuwa Mama Zablon, miguu imejaa vumbi, na Zablon nyuma yake. Kwa desturi zetu mama wa mume hafiki kwa wakwe zake ovyo, na hawezi kuingia bomani bila kualikwa kwa taratibu zake. Kwa hiyo alisimama pale pale majanini, upande wa pili wa ua, na tukasalimiana juu ya mnyaa uliopandwa kuwa ua. Alikuwa amekonda.

"Sikuja kukurudisha," alisema. "Nimekuja kuuliza. Huyu hataki kuniambia, kila nikimwuliza anatoka nje."

"Uliza, Mama."

"Yule wa kwanza. Nilimpokea amefungwa shuka, huyu akaniambia nisimfungue. Sikumfungua. Walipomaliza kumwangalia, walimshona? Au nilimzika hivyo hivyo, akiwa wazi?"

Mimi pia sikuwahi kumwona. Katika hasira yangu yote, sikuwahi kufikiria kwamba mwanamke huyu alikuwa amelala usiku baada ya usiku na swali kama hilo, tangu siku ya yale mavuno. Mtu aliyejua alikuwa mmoja tu. Tukageuka wote wawili tukamtazama.

Zablon aligeukia barabara kama mtu anayetaka kuondoka tena.

"Walimshona," akasema. "Nilisimama pale mpaka wakamaliza. Yule daktari alimshona mwenyewe, uzi mwembamba. Kisha nikamwosha mimi. Alikuwa na nywele nyingi, Mama. Alifanana na wewe hapa." Akagusa paji la uso wake.

Mama Zablon aliketi chini majanini, akanyoosha miguu mbele yake kama wanavyoketi wanawake msibani, na akaanza kumlilia mjukuu wake. Hakuwa amemlilia hivyo siku alipomzika; wakati ule alililia laana. Nilipita kwenye pengo la ua, nikaketi kando yake, nikanyoosha miguu yangu sambamba na yake. Akashika goti langu. Nami nikasikia kwa mara ya kwanza kwamba mwanangu alikuwa na nywele nyingi.

Zablon alibaki amesimama. Hakuna kati yetu aliyemwambia aketi.